Mashua ya umeme, kumbukumbu isiyofutika na dai lililoandikwa pasipo pake: kisa cha hataza kutoka Lamu

Fundi wa elektroniki mjini Lamu amefunga mota ya umeme kwenye mashua ya tanga ya mwenye chombo mmoja wa Mokowe. Betri ni ya lithiamu-fosfeti, seli 16 zilizofuatana, volti 51.2, ampea-saa 100. Kando ya usukani kuna kiboksi chenye kioo kinachoonyesha asilimia ya betri, saa ambazo mota imefanya kazi na mahali chombo kilipo. Ndani ya kiboksi fundi ametengeneza sakiti inayohifadhi hesabu ya betri umeme unapokatika ghafla, na sasa anataka kuiombea hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza uvumbuzi wake. Rasimu yake ina madai matatu, yaani sentensi zinazotaja kile hasa kinachoombewa ulinzi: la kwanza la sakiti ya kumbukumbu, la pili la mashua yenye kiboksi hicho, la tatu la programu ya simu inayosoma kumbukumbu. Watu na chombo ni wa mfano, wameundwa kutokana na hali za kawaida za pwani. Sheria, chipu na hesabu ni kama zilivyo.

Maoni yanatolewa mapema: madai yote matatu yangeanguka, na jambo lililostahili kudaiwa halikuwemo kwenye rasimu. Fundi alilihesabu kuwa kiraka tu.

Tatizo lenyewe

Betri za aina hii zina tabia inayowatia mabaharia matatani: volti yake haishuki sambamba na chaji. Kati ya asilimia 80 na 20, seli iliyotulia hucheza baina ya volti 3.3 na 3.2 hivi. Kwa seli 16 hiyo ni volti moja na nusu kwa jumla, na mota inapovuta ampea 60, nyaya na viungo peke yake huweza kumeza kiasi hicho. Basi mita ya volti haisemi kitu cha maana. Njia inayofaa ni kuhesabu: mkondo unapimwa kupitia shanti (rezista ndogo ya kupimia mkondo), unazidishwa kwa muda, kisha unatolewa kwenye ampea-saa 100 za mwanzo.

Hesabu hiyo hukaa kwenye kumbukumbu ya kazi ya mikrokontrola, chipu inayoendesha kiboksi, na kumbukumbu hiyo hufutika umeme ukikatika. Baharia akifika gatini anazima swichi kuu, kama alivyoelekezwa. Kiboksi kikiwaka tena, kinaanzia 100. Safari moja ikila ampea-saa 30, baada ya safari tatu zimebaki 10 na kioo bado kinasema betri imejaa. Kwa chombo kinachopita mlango wa bahari wa Mkanda kuelekea Faza hilo si jambo dogo, kwa sababu mlango ule hupitika maji yakiwa yamejaa. Mota ikinyamaza maji yakipwa, abiria watakaa humo wakisubiri maji yarudi.

Kuna bodi za kulinda betri ambazo huweka hesabu yake zenyewe na haziipotezi. Bodi aliyoinunua fundi ni ya bei ya chini, inakata umeme tu hatari ikitokea. Lakini kuwepo kwa zile nyingine sokoni ni jambo ambalo mkaguzi wa hataza atalitaja kwenye barua yake ya kwanza.

Sakiti ilivyo, na inapovuja

Mikrokontrola ni ATmega328P. Kumbukumbu ya nje ni EEPROM 24C256, chipu isiyofutika umeme ukikatika, yenye kilobiti 256, maana yake baiti 32,768 zilizogawanywa katika kurasa 512 za baiti 64. Kuandika ukurasa mmoja huchukua hadi milisekunde 5. Kitambuzi cha umeme kukatika ni rezista mbili, kiloomu 150 juu na kiloomu 10 chini, zinazogawanya volti ya laini kwa 16. Matokeo yanaingia kwenye komparata LM393 na kulinganishwa na volti 2.5 kutoka TL431. Kwa hiyo laini ikishuka hadi volti 40, komparata inageuka. Kiwango hicho kina mantiki: ni volti 2.5 kwa kila seli, mahali ambapo bodi nyingi za ulinzi hukata.

Komparata ikigeuka, programu inasimamisha mota, inazima kioo na kuandika kurasa nane: ya kwanza ina hesabu ya betri, saa na hali ya mota, saba zilizobaki zina alama za mwisho za njia. Kurasa nane kwa milisekunde 5 ni milisekunde 40. Ukiongeza nafasi kidogo, sakiti inahitaji kuishi milisekunde 50 baada ya umeme kuondoka, na kinachoiweka hai ni kapasita.

Hapa rasimu inasema "kapasita ya kutosha", maneno ambayo mkaguzi hatayakubali na fundi mwenzake hawezi kuyatumia. Hesabu iwekwe wazi. Bodi inavuta miliampea 20 kioo kikiwa kimezimwa. Kapasita inakaa nyuma ya daiodi ya Schottky ili umeme usirudi kwenye laini ya volti 5 inayolisha bodi, na daiodi inakula volti 0.3, kwa hiyo tunaanza na 4.7. Tunaruhusu kushuka hadi 3.0, yaani volti 1.7. Ampea 0.020 mara sekunde 0.050, gawanya kwa 1.7, unapata mikrofaradi 588. Fundi aliweka 1000 akaona amezidisha. Sasa toa asilimia 20 ya uvumilivu wa kiwandani: 800. Toa asilimia 30 nyingine kwa kapasita iliyozeeka ndani ya kiboksi cheusi kinachopigwa na jua la kaskazi mchana kutwa: 560. Haitoshi tena, na hitilafu itajitokeza chombo kikiwa tayari kimeuzwa kwa mtu mwingine. Weka 2200, inayovumilia joto la nyuzi 105, na hata ikizeeka hivyo inabaki na 1232.

Modemu ya simu iliyomo kiboksini ndiyo mwizi mkubwa zaidi wa akiba hiyo. Modemu ya GSM hutuma kwa mapigo ya mikrosekunde 577, kila baada ya milisekunde 4.6, na kila pigo linaweza kuvuta ampea 2. Ikiwa imeungwa nyuma ya daiodi, pigo moja linashusha kapasita ya 2200 kwa volti 0.52. Mapigo matatu, ambayo huisha ndani ya milisekunde 10, yamekula volti 1.57 kati ya 1.7 ulizonazo. Modemu iungwe mbele ya daiodi, isiguse akiba ya kumbukumbu.

Makosa matatu madogo yafuate kwa haraka. La kwanza: kapasita ya kuchuja kelele kwenye kigawanya volti. Nanofaradi 100 inachelewesha kwa karibu milisekunde 1, si neno. Fundi wa pili aliyenakili bodi akaweka mikrofaradi 10 "ili itulie zaidi", na ucheleweshaji ukapanda hadi milisekunde 94, wakati kapasita kubwa imekwisha kumwaga akiba yake. La pili: ATmega328P ikiendeshwa kwa megahezi 16 haina dhamana ya kiwandani volti ikishuka hadi 3. Iendeshwe kwa megahezi 8, na kinga ya volti ndogo iwekwe kwenye 2.7. La tatu: kishusha-volti LM2596 cha kawaida mwisho wake ni volti 40, na kile cha HV mwisho wake ni 60, hali betri hii ikijazwa inafika 58.4. Chaja ikitoa mruko mdogo tu, kishusha-volti kinakufa na kuondoka na bodi. Chagua cha volti 80 au zaidi.

Kuhusu chumvi, hakuna jipya: nyaya zilizopakwa bati, bodi iliyopigwa vanishi, viungo vya kubana. Hilo ni ufundi mzuri, si uvumbuzi.

Kwa nini dai la kumbukumbu haliwezi kusimama

Fundi anajivunia wazo la kuandika wakati umeme unakatika. Wazo ni sahihi, lakini ni la zamani kuliko yeye. Katika mfumo wa kimataifa wa kupanga hataza kuna fungu zima la vifaa vinavyochukua hatua umeme ukikatika kwenye kompyuta: G06F 1/30. Mipango ya umeme ya kumbukumbu iko G11C 5/14, na kinga ya kuzuia chembe za kumbukumbu zisiandikwe kwa bahati mbaya iko G11C 16/22. Anayetaka kujua hali yake afungue Espacenet au Patentscope, hifadhi za hataza za mtandaoni, zote mbili ni bure, na asome mafungu hayo kabla hajatumia shilingi hata moja.

Lipo pingamizi baya zaidi, nalo linatoka kwenye hesabu ya chipu yenyewe. Ukurasa mmoja wa 24C256 unavumilia kuandikwa mara 1,000,000. Ukiandika kila sekunde kwenye ukurasa uleule, umeumaliza kwa siku 11 na nusu. Lakini ukizungusha maandishi kwenye kurasa zote 512, mzigo unagawanyika na chipu inadumu sekunde milioni 512, zaidi ya miaka 16. Kwa njia hiyo huhitaji kitambuzi wala kapasita kubwa: umeme ukikatika, unapoteza sekunde moja. Kwa ampea 60, sekunde moja ni ampea-saa 0.017, kiasi kisichoonekana kwenye kioo. Kurasa zikiwa na namba ya mfuatano na alama ya kuhakiki, ukurasa uliokatika katikati unatambulika na kurukwa. Haya yote yanajulikana kwa kila anayeandika programu za vifaa vidogo. Na anayenunua F-RAM, kumbukumbu nyingine isiyofutika iliyo ya haraka zaidi, badala ya EEPROM hata hayo hayahitaji: baiti 32 zinaingia kwa chini ya milisekunde 1 kwenye laini ya kilohezi 400, na uvumilivu wa chipu hizo huhesabiwa kwa matrilioni ya mara.

Mkaguzi atauliza swali moja: mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani hii, akipewa tatizo hili, angefika hapo bila jasho? Kwa dai la kwanza, jibu ni ndiyo.

Historia ya kumbukumbu za kompyuta inaonyesha jinsi dai linavyokuwa na thamani likikaa mahali pake. An Wang aliwasilisha ombi lake Marekani mwaka 1949, akapewa hataza namba 2,708,722 mwaka 1955. Hakudai "kumbukumbu ya sumaku" kwa jumla. Kiini cha kazi yake kilikuwa namna ya kusoma pete ya sumaku, kitendo ambacho hufuta kilichomo, kisha kukirudisha. Mwaka 1956 IBM iliinunua kwa dola 500,000. Jay Forrester wa MIT alipata yake, namba 2,736,880, mwaka huohuo wa 1956, kwa namna ya kupanga pete hizo katika safu ili moja ichaguliwe kwa kukutanisha mikondo miwili. MIT ililipwa na IBM dola milioni 13 mwaka 1964. Robert Dennard wa IBM, hataza namba 3,387,286 ya mwaka 1968, alidai chembe yenye transista moja na kapasita moja. Kila mmoja alidai kiungo kimoja kilichobanwa, na kiungo hicho kilikuwa ndicho kila aliyekuja baadaye alilazimika kukipitia. Tena pete za sumaku zilihifadhi taarifa bila umeme tangu hapo, kwa hiyo "kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika" imekuwa mali ya wote kwa zaidi ya nusu karne.

Dai la pili halichukui muda. Kuweka kifaa kinachojulikana juu ya chombo kinachojulikana, kila kimoja kikiendelea na kazi yake ya siku zote, ni kukusanya tu. Dai la tatu ni jepesi zaidi. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001 imeutoa uonyeshaji mtupu wa taarifa kwenye mambo yanayoweza kupewa hataza. Programu yenyewe inalindwa kama maandishi chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na pa kwenda ni KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Fundi asiione njia hiyo kuwa duni, maana hakimiliki haisubiri mkaguzi.

Kiraka

Mashua hii ina tanga. Upepo wa kusi ukiwa mzuri nahodha huzima swichi kuu, hupandisha foromali na kuacha betri ipumzike. Rafadha (propela) haitoki majini, inazungushwa na maji, na mota inayozungushwa ni jenereta. Umeme wake unapita kwenye daiodi zilizomo ndani ya transista za kidhibiti mota na kuingia kwenye laini ileile inayolisha kiboksi. Kwa mwendo wa tanga la kawaida laini inapata volti 12 hadi 25, inayopanda na kushuka kwa kila wimbi. Kishusha-volti kinaanza kazi kwenye volti nane hivi. Matokeo yake nahodha anamwita fundi: "Fundi, kioo chawaka na swichi nimezima."

Kioo kuwaka si hasara. Hasara iko ndani. Mikrokontrola inaamka, inapima laini, inaona volti 18, inahukumu kuwa betri imekwisha na kuandika sifuri. Wimbi linapita, volti inashuka, programu inadhani umeme umekatika na inaandika tena. Kwa alasiri moja ya tanga kurasa zote 512 zinaweza kujazwa takataka, na ule mzunguko uliokusudiwa kurefusha maisha ya chipu ndio unaofuta rekodi njema ya mwisho. Angalia vizuri hapa: njia ile rahisi ya kuandika kila sekunde, iliyoliua dai la kwanza, inaanguka vibaya zaidi kwenye chombo hiki, kwa sababu inaandika mfululizo kila laini inapokuwa na uhai. F-RAM nayo haiokoi. Inaandika takataka haraka zaidi.

Fundi alitibu kwa hatua tatu. Aliongeza rezista ya kurudisha mrejesho kwenye komparata, ili baada ya kugeuka kwenye volti 40 isirudi mpaka laini ipite 44, kiwango ambacho rafadha ya mashua hii haifiki. Aliunga komparata na pini ya WP ya EEPROM, ile ambayo ikiwa juu chipu inakataa kuandikwa, kupitia rezista ya megaomu 1 na kapasita ya nanofaradi 100. Kwa hivyo kufuli linafunga takriban milisekunde 100 baada ya kugeuka, nafasi ya kutosha kwa maandishi halali ya mwisho, na halifunguki chini ya volti 44 hata programu ikikosea. Kisha akaifundisha programu kutambua chanzo: laini ikiwa kati ya volti 8 na 40, shanti ya betri ikisoma sifuri, na vihisi vya mota vikitoa mapigo bila kaba (mkono wa kuongezea mwendo) kuguswa, basi umeme huo ni wa rafadha na hesabu ya betri isiguswe. Betri ikiwashwa tena na rekodi ya mwisho ikaonekana haikufungwa sawasawa, mota inabanwa kwenye asilimia 40 ya nguvu mpaka betri ijazwe hadi 58.4 na hesabu ianze upya.

Alipoandika rasimu, haya yote aliyatupa kwenye sentensi moja ya mwisho: "marekebisho yamefanywa kwa matumizi ya tanga". Mafundi wengi hufanya hivyo. Kilichowatoa jasho wanakionea haya, kilichokuja kirahisi wanakipamba.

Dai jipya

Rafadha kuzalisha umeme chini ya tanga ni jambo linalojulikana. Kuna vyombo vinavyouzwa vikifanya hivyo makusudi, kuchaji betri. Kufuli la kuandika kwenye EEPROM linajulikana pia. Nafasi iliyobaki ni kwenye kuunganisha: ishara ya chanzo cha umeme kutawala kufuli la kumbukumbu, na hali ya kumbukumbu kutawala nguvu ya mota. Upekuzi ufanywe kwa kukutanisha mafungu, B63H 21/17 ya vyombo vinavyoendeshwa na mota ya umeme na B60L 58/12 ya hali ya chaji, dhidi ya G11C 16/22 na G06F 1/30. Kupekua kila fungu peke yake kutamletea fundi maelfu ya karatasi na kumkatisha tamaa bure.

Maombi huandikwa kwa Kiingereza, lakini ni vizuri fundi alione dai kwa lugha anayoifikiria kwanza:

"Kidhibiti cha chombo cha majini chenye tanga na mota ya umeme iliyofungwa rafadha, kinacholishwa na laini iliyo upande wa mota wa swichi ya betri, chenye: kumbukumbu isiyofutika inayobeba hesabu ya chaji, kipimo cha mkondo wa betri, kihisi cha mzunguko wa mota, na sakiti inayofunga uandishi wa kumbukumbu hiyo, baada ya muda uliowekwa, volti ya laini inaposhuka chini ya kiwango cha kwanza, na kuuacha umefungwa mpaka volti ipite kiwango cha pili kilicho juu ya kile cha kwanza, kikiwa na sifa kwamba kiwango cha pili kiko juu ya volti ambayo mota hutoa rafadha inapozungushwa na maji chombo kikiwa chini ya tanga."

Hakuna ATmega wala 24C256 humo, wala volti 40 na 44. Namba hizo ziende kwenye madai tegemezi, yale yanayoongeza sharti juu ya dai kuu, na kwenye maelezo, ambapo sheria inataka angalau namna moja ya kutengeneza ielezwe kikamilifu. Akizitia kwenye dai kuu, jirani ataweka 39 na 45 na kucheka. Kubanwa kwa mota kwenye asilimia 40 kuwe dai tegemezi. Linatumia wazo lilelile, kwa hiyo sharti la uvumbuzi mmoja kwa ombi moja halivunjwi. Sakiti ya modemu na hesabu ya kapasita hazifungamani na wazo hilo. Zibaki kwenye maelezo, au zigawanywe kuwa ombi lao, jambo ambalo hatulioni kuwa na faida.

Michoro minne inatosha: mpangilio wa sehemu, sakiti kamili, mtiririko wa programu, na mchoro wa volti dhidi ya muda ukionyesha viwango viwili na kuchelewa kwa kufuli. Huo wa nne ndio unaomfanya mkaguzi aelewe kwa dakika moja.

Tarehe

Mashua ilishaonyeshwa hadharani wakati wa mashindano ya sikukuu ya Maulidi, kiboksi kikiwa wazi, na video ikasambazwa ikiwa na sauti ya fundi akieleza kufuli. Chini ya sheria ya Kenya mvumbuzi aliyejitangaza mwenyewe ana miezi 12 ya kuwasilisha bila utangazaji huo kuhesabiwa dhidi yake. Marekani nako kuna miezi 12. Ulaya hakuna nafuu ya namna hiyo: video ile imeshaua upya wa uvumbuzi huko, na hakuna wakili wa kuufufua. Kama lengo ni Lamu, Malindi na Mombasa, hasara ni ndogo. Video ihifadhiwe pamoja na tarehe yake, kwa sababu ndiyo itakayothibitisha kuwa miezi haijapita.

Akishawasilisha KIPI (Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya), Nairobi, ana miezi 12 ya kudai tarehe hiyohiyo katika nchi nyingine, moja kwa moja, kupitia ARIPO ya Harare, shirika la mali bunifu la nchi kadhaa za Afrika, au kwa njia ya PCT, mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza, ambayo inamsogezea uamuzi wa nchi hadi miezi 30. Ombi huchapishwa baada ya miezi 18. Ukaguzi wa kina hauji wenyewe: lazima uombwe ndani ya miaka 3 tangu kuwasilisha, la sivyo ombi linahesabiwa kuwa limeachwa. Hapo ndipo mafundi wengi wanapopotelea, wakidhani risiti ni cheti. Hataza ikitolewa inadumu miaka 20 tangu tarehe ya kuwasilisha, kwa sharti ada ya kila mwaka ilipwe.

Ipo pia modeli ya matumizi, cheti cha miaka 10 kisichoongezwa, ambacho kinataka upya na kufaa viwandani bila kudai hatua ya uvumbuzi, yaani wazo lisilo dhahiri kwa mjuzi wa fani. Kwa kifaa kama hiki ndilo kimbilio. Ushauri ni kuwasilisha kama hataza, kisha mkaguzi akishikilia kuwa muungano ule ni dhahiri, kuligeuza ombi kuwa la modeli ya matumizi kabla halijakataliwa, kwani sheria inaruhusu. Kuanza na modeli moja kwa moja ni kujinyima miaka 10 bila kulazimishwa.

Ni mali ya nani

Mwenye chombo amelipia betri, mota na bodi, na anasema kilichozaliwa juu ya mashua yake ni chake. Sheria inasema uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa kazi au wa kuagizwa ni wa mwajiri au aliyeagiza, isipokuwa mkataba useme vingine. Swali ni aliagiza nini. Ikiwa makubaliano, hata ya mdomo, yalikuwa "nifungie mota", fundi ana hoja nzuri kwamba hakuagizwa kuvumbua. Ikiwa yalikuwa "nitengenezee kiboksi kisichonidanganya betri", hoja inahamia upande wa pili. Kesi ya maneno matupu ni ghali kuliko ombi lenyewe. Waandikiane kabla ya kuwasilisha: fundi awe mwombaji, mwenye chombo apewe leseni ya bure kwa vyombo vyake vyote na sehemu ya mapato iliyotajwa kwa asilimia.

Nahodha aliyeona kioo kinawaka ametajwa katika maneno ya baraza kuwa mvumbuzi mwenza. Kuona tatizo peke yake hakumfanyi mtu mvumbuzi. Kama ndiye aliyesema kiwango cha kufungulia kiwekwe juu ya kile rafadha inachoweza kutoa, basi jina lake liingie, kwa kuwa hilo ndilo kiini cha dai. Kijana aliyeandika msimbo kwa kufuata maelekezo haingii kwenye hataza. Hakimiliki ya msimbo ni suala jingine, na nayo iandikiwe hati ya kuhamisha.

Jambo la mwisho ni mipaka ya haki hiyo hapa pwani. Chipu alizonunua dukani zimeshatoka mikononi mwa wenye hataza zake kwa ridhaa yao, hadaiwi kitu. Naye akipata yake, anaweza kumzuia anayetengeneza au kuuza kiboksi hicho Mokowe, Malindi au Mombasa. Jahazi la mji wa Tanga, Tanzania, linaloingia kwenye maji ya Lamu kwa muda, likiwa na kiboksi kama chake kinachotumika kwa mahitaji ya chombo, hawezi kuligusa: sheria imevitoa vyombo vya nchi nyingine vinavyopita. Akitaka kumzuia mtengenezaji aliyeko Tanga, ni lazima aombe ulinzi Tanzania, na ile miezi 12 inaanza kuhesabiwa siku anapowasilisha Nairobi.